Siku ya Maonyesho ya Ndege za Kivita za Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila msimu. Mengine huulizwa na wanaokwenda kwa mara ya kwanza, mengine na watu ambao wameshakwenda mara nyingi na bado wana dukuduku. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yanayozua ubishi. Pale ambapo jibu limeshatolewa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Maonyesho haya ni nini hasa, na yana tofauti gani na jumba la makumbusho?

Ni mkusanyiko wa siku moja au mbili, aghalabu mwishoni mwa wiki, ambapo ndege zilizowahi kutumika vitani au kufundishia marubani wa jeshi huruka mbele ya watazamaji. Nyingi ni za Vita vya Pili vya Dunia, yaani 1939 hadi 1945. Utakuta pia za Vita vya Kwanza, zenye mabawa ya juu na chini yaliyofungwa kwa nyaya, pamoja na jeti za miaka ya 1950 na 1960.

Ndege ya makumbusho imenyamaza. Tangi ni kavu, oili imemwagwa, na kamba imezungushwa ili usisogee. Ndege ya maonyesho inanuka petroli, inadondosha oili kwenye majani, na ikiwashwa unausikia mtetemo kifuani kabla masikio hayajaelewa kitu. Anayekwenda kutazama angani peke yake hupata nusu ya siku. Nusu nyingine, na kwangu ndiyo tamu zaidi, iko chini, pale mafundi wanapoiandaa ndege na rubani anapoiwasha. Majibu mengi hapa yameegemea huko.

Nitaona ndege zipi?

Inategemea uwanja na mwaka, lakini kuna wenyeji wa kudumu. Spitfire ya Uingereza, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, ndiyo inayovuta watu kuliko zote. Zilitengenezwa zaidi ya 20,000, na zinazoruka leo ni makumi machache. Hurricane, iliyoitangulia angani kwa miezi minne (Novemba 1935), ni adimu zaidi. Kutoka Marekani utakuta P-51 Mustang, Dakota iliyobeba askari wa miavuli, na Harvard, ndege ya mafunzo ambayo haikosekani karibu popote.

Ndege kubwa za mabomu ndizo za kubahatisha. Lancaster zilitengenezwa 7,377, na leo zinazoweza kuruka ni mbili tu: moja ya jeshi la anga la Uingereza, yenye makao yake Coningsby, na nyingine ya jumba la makumbusho la Hamilton, Ontario, nchini Kanada. Mwaka 2014 ile ya Kanada ilivuka Atlantiki na zote mbili zikaruka pamoja Uingereza. B-29 nazo zimebaki mbili zinazoruka, zote Marekani. Mosquito, ndege ya mabomu ya Uingereza yenye injini mbili, ina sababu yake ya kuwa adimu: ilijengwa kwa mbao zilizoshikwa kwa gundi, na gundi na mbao huoza. Anayetaka kuirusha leo hujenga karibu mwili mzima upya.

Yanafanyika wapi, na msimu gani?

Kwa kuwa ndege hizi hazipendi mvua wala upepo, msimu hufuata kiangazi cha nchi husika. Uingereza kuna Duxford, kituo cha zamani cha jeshi ambako Spitfire za kwanza kabisa ziliingia kazini Agosti 1938, na Old Warden, uwanja wa nyasi wa hazina ya Shuttleworth wenye ndege za tangu enzi za mwanzo kabisa. Ufaransa kuna La Ferté-Alais, wakati wa Pentekoste. Marekani kuna Oshkosh, Wisconsin, mwishoni mwa Julai, ambako ndege za kivita ni sehemu tu ya maelfu ya ndege zinazotua wiki hiyo. New Zealand kuna Wanaka, wakati wa Pasaka, mwaka mmoja ndiyo na mwaka mmoja hapana. Afrika Kusini, jumba la makumbusho la jeshi la anga liko Swartkop, karibu na Pretoria.

Ukiniuliza wa kwanza uwe upi, nitakwambia chagua uwanja mdogo. Uwanja mkubwa una ndege nyingi zaidi, lakini uzio uko mbali na unaishia kuona migongo ya watu.

Ni lazima niwe najua mambo ya ndege?

Hapana. Kuna mtangazaji anayeeleza kila ndege inapoingia, na wazee wenye kofia zilizojaa beji walioketi kando yako watakueleza zaidi, hata bila kuulizwa.

## Kupanga siku

Nifike saa ngapi?

Milango ikifunguliwa. Ndege kwa kawaida huanza kuruka mchana, na hapo ndipo wengi hukosea: wanafika saa sita, wanakaa kwenye foleni ya magari, wanaingia maonyesho yameshaanza. Viwanja vingi huruhusu watu kutembea kati ya ndege zilizoegeshwa asubuhi, wakati mwingine kwa tiketi ya nyongeza, na sehemu hiyo hufungwa kabla injini ya kwanza haijawashwa. Ukiikosa, umeikosa.

Asubuhi pia ndipo mafundi wanapokuwa na muda. Saa tatu asubuhi, fundi aliyeshika kitambaa akipangusa oili chini ya bawa atakujibu swali lolote. Saa saba mchana hatakuona.

Kuondoka ni kinyume chake. Ndege ya mwisho ikitua, kila mtu anakimbilia gari lake na hakuna anayetoka. Kaa. Ndege za wageni huanza kuondoka kurudi makwao saa hiyo, moja moja, bila mtangazaji wala muziki, na mara nyingi zinapita chini kuaga.

Nikae upande gani wa uwanja?

Angalia kwanza jua. Waandaaji hujitahidi kuliweka nyuma ya watazamaji, lakini si kila uwanja unaruhusu, na jua la jioni likikukabili utaona vivuli vyeusi tu vikipita. Kisha angalia upepo. Ndege hupaa na kutua zikiukabili, kwa hiyo bendera ya uwanjani itakuonyesha upande ambao zitanyanyukia. Katikati ya uwanja ndipo wanaposongamana wote kwa sababu mbinu za angani hulengwa pale. Mimi hukaa karibu na njia zinakopita ndege zikitoka maegeshoni, hata kama ni pembeni. Utaziona kwa karibu mara mbili, zikienda na zikirudi, na rubani atakupungia mkono.

Nibebe nini?

Uwanja wa ndege hauna mti. Kofia, maji, mafuta ya kujikinga na jua, na koti la mvua hata kama kumekucha kweupe. Kiti cha kukunja kama waandaaji wanaruhusu. Darubini ndogo ya kukuza mara nane inatosha, kwani kubwa zaidi inatikisika mkononi na kuipoteza ndege. Viziba masikio ni vya lazima (soma jibu linalofuata). Mwavuli mkubwa uache nyumbani. Walio nyuma yako hawatakusamehe, na upepo wa propela ukiunyakua ni hatari (tazama swali la mwisho kabisa).

Naweza kwenda na watoto wadogo?

Ndiyo, ila masikio yao yakingwe kwa vifuniko vya kichwani vya saizi yao, si pamba. Ndege za propela kwa mbali hazina neno. Tatizo ni jeti, na Harvard ikipaa, jambo lililoelezwa kwenye sehemu ya angani. Mvalishe mapema, kabla ya kelele ya kwanza. Mtoto akishashtuka, siku imeisha.

Milipuko ya kuigiza mabomu, inayotegwa ardhini na mafundi wa fataki, huwa inatangazwa kabla. Mwandae.

Droni je? Mbwa je?

Droni hapana, popote, kwa sababu yoyote. Ikionekana moja angani maonyesho husimamishwa. Mbwa soma masharti ya uwanja, ila nakushauri umwache nyumbani kwa ajili ya masikio yake.

## Maegeshoni, kati ya ndege

Naruhusiwa kuzigusa?

Usiguse bila kuambiwa. Sehemu nyingi za ndege za zamani zimefunikwa kwa kitambaa kilichopakwa rangi ya kukikaza, hata kwenye ndege inayoonekana ni ya chuma. Hurricane, kuanzia nyuma ya kiti cha rubani hadi mkiani, ni kitambaa juu ya fito. Kidole kikisukuma kwa nguvu kinatoboa. Propela ndiyo ya kuogopa zaidi. Injini iliyozimwa inaweza kuruka mzunguko mmoja ikiguswa vibaya, na mmoja unatosha. Mafundi wenyewe huichukulia propela kwamba iko hai saa zote.

Omba ruhusa kwa heshima. Mara nyingi utakaribishwa kuchungulia chumba cha rubani, na utashangaa kilivyo chembamba. Mabega ya mtu mzima hugusa pande zote mbili za Spitfire.

Mbona zinavuja oili? Si ni hatari?

Sinia lililowekwa chini ya injini ni jambo la kawaida, hasa kwa injini ambazo silinda zimepangwa mviringo kuzunguka mhimili. Oili hushuka na kupenya kwenye viungo vya chini. Mafundi wana mzaha wao: ukikuta haidondoshi, kagua kama ina oili. Wanachochunga ni mabadiliko, yaani tone jipya mahali ambapo jana hapakuwa na tone.

Kuna aina moja ambayo kutapika oili ni sehemu ya kazi yake. Ndege kama Sopwith Camel ya 1917 zina injini ambayo yote inazunguka pamoja na propela. Oili yake ni ya mbarika, kwa kuwa haichanganyiki na petroli, na ikishapita kwenye silinda hutupwa nje moja kwa moja. Utaijua kwa harufu kabla hujaiona. Ikitua utasikia mlio unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Usishtuke: rubani anakata moto wa plagi kwa makusudi, ndiyo njia yake ya kupunguza nguvu.

Kwa nini wanazungusha propela kwa mkono kabla ya kuwasha?

Hili ni moja ya mambo ninayopenda kuyatazama. Kwenye injini ya mviringo, ndege ikikaa hata usiku mmoja, oili huchuruzika na kujikusanya ndani ya silinda za chini. Ukiwasha hivyo hivyo, pistoni inapanda na kukutana na oili, na oili haibonyezeki. Kitakachopinda ni fimbo ya pistoni, au silinda inang'oka. Kwa hiyo watu wawili au watatu hupokezana, bapa moja baada ya jingine, polepole, wakihesabu kwa sauti. Swichi zimezimwa na mmoja wao amehakikisha hilo kwa macho yake. Bapa likigoma, hakuna anayelilazimisha wala kulirudisha nyuma. Zinafunguliwa plagi za chini, oili inamwagika kwenye kopo, kazi inaanza upya.

Kisha ndipo rubani anawasha, na wingu jeupe la moshi linafunika nusu ya watazamaji. Ni ile oili iliyobaki inaungua.

Na Spitfire, mbona inawashwa kwa haraka na kuondoka kwa haraka?

Kwa sababu inachemka. Injini yake, Merlin, ni ya lita 27 yenye silinda 12 za umbo la V, inayopozwa kwa maji yaliyochanganywa na dawa. Rejeta zake ziko chini ya mabawa na zimepimwa kwa upepo wa angani. Chini hakuna upepo huo, na mguu wa gurudumu ukiwa umeshushwa unaziba sehemu ya hewa. Rubani ana dakika chache tu tangu kuwasha hadi kupaa, la sivyo sindano ya joto inafika mahali pabaya na inambidi azime.

Simama karibu na uzio wakati huo. Mwenye kizima moto anajipanga pembeni ya bawa, macho kwenye mabomba ya moshi. Rubani anapaza sauti, fundi anaitikia. Propela inajivuta, inasita, inajivuta tena. Bomba moja linakohoa, la pili, mwali mfupi wa rangi ya chungwa unatoka na kupotea, halafu silinda zote 12 zinashikana na majani nyuma ya mkia yanalala. Hakuna kinachofuata angani kinachonisisimua kiasi hicho.

Mbona inakwenda kwa kupinda pinda ikielekea njia ya kurukia?

Rubani haoni mbele. Ndege inayoegemea gurudumu la mkiani inainua pua juu, na pua ya Spitfire ni ndefu. Anapinda kushoto aone kulia, anapinda kulia aone kushoto.

Hizi ni ndege zenyewe au nakala?

Kuna ngazi nyingi, na hapa ndipo wapenzi wa ndege hubishana hadi jioni. Zipo zilizotoka jeshini zikapita mikononi mwa watu bila kuacha kuruka. Zipo zilizofukuliwa. Spitfire yenye namba N3200 iliruka kutoka Duxford Mei 1940 kwenda kulinda uhamisho wa askari huko Dunkirk, ikapigwa, rubani akaitua kwenye ufuo wa Sangatte, Ufaransa, na mchanga ukaimeza. Ilitolewa mwaka 1986, ikajengwa upya, ikaruka tena 2014, na sasa iko pale pale Duxford. Je, ni ndege ile ile? Sehemu kubwa ya bati lake ni jipya. Kinachobebwa ni utambulisho, nyaraka na vipande vilivyookolewa.

Mwisho kabisa wa ngazi kuna ndege mpya kabisa zilizofuata mchoro wa zamani, kama Me 262, jeti ya kivita ya Ujerumani, zilizojengwa Marekani zikiwa na injini za jeti za kisasa zaidi kuliko zile za Ujerumani ya 1944. Nionavyo mimi, la maana ni mwenye ndege aseme ukweli. Ubao mdogo mbele ya gurudumu ukieleza kipi ni cha zamani na kipi kipya, hakuna aliyedanganywa.

Ile milia nyeusi na meupe ni ya nini?

Ilipakwa kwa ajili ya majeshi ya Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) kutua Normandy, Ufaransa, Juni 1944: mitatu meupe na miwili meusi kwenye kila bawa na kuzunguka kiwiliwili. Mwaka mmoja kabla, huko Sisilia, meli za Washirika zilidungua ndege za upande wao wenyewe zilizokuwa zimebeba askari wa miavuli. Milia ililetwa ili mpiga mzinga asihitaji kufikiri. Amri ilitoka siku chache tu kabla, na mafundi wakapaka kwa brashi usiku kucha. Ukiona ndege yenye milia iliyopinda na rangi iliyochuruzika, huenda mwenyewe ameifanya hivyo makusudi, na amefanya vyema.

Kwa sababu ya namna hiyo hiyo, ndege za Marekani zilifutiwa kidoa chekundu katikati ya nyota mwaka 1942. Kilifanana na jua jekundu la Japani.

## Angani

Nitazitofautishaje Spitfire na Hurricane?

Spitfire ina mabawa ya yai, yanayochongoka polepole, ingawa baadhi zilikatwa ncha. Hurricane ina mabawa manene yaliyonyooka zaidi na mgongo ulioinuka nyuma ya rubani. Zikipaa ni rahisi zaidi: magurudumu ya Spitfire hukunjwa kuelekea nje, ya Hurricane kuelekea ndani. Mlio hautakusaidia, kwani zote hubeba Merlin. Isipokuwa Spitfire za baadaye zilizofungwa injini ya Griffon ya lita 36.7, zenye mngurumo mzito na propela inayozunguka upande wa pili. Rubani aliyezoea Merlin akisahau hilo wakati wa kupaa, ndege humvutia upande asioutarajia.

Na ukiona Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, yenye mlio kama wa Spitfire, hujakosea. Huenda ni Buchón, iliyotengenezwa Hispania baada ya vita kwa mwili wa Messerschmitt na injini ya Merlin.

Kwa nini Harvard, ndege ndogo ya mafunzo, inapiga kelele kuliko ndege za kivita?

Ncha za propela yake hukaribia kasi ya sauti ikipaa. Kelele inatoka hapo, si kwenye injini. Rubani akipunguza mizunguko, inakuwa ndege ya kawaida tu.

Mbona hazipindukipinduki kama jeti za kisasa?

Zinaweza, na zingine hufanya, lakini kwa ulaini. Mwenye ndege hujiwekea kikomo cha nguvu ya injini na cha mkazo juu ya mabawa, chini ya kile cha wakati wa vita. Injini iliyotarajiwa kuishi saa mia chache jeshini leo inatakiwa idumu miaka. Ndege kubwa kama Lancaster hupita tu na kugeuka, na inatosha: injini nne zikiwa zimesawazishwa, tumbo likionyeshwa kwa watazamaji, na kile kibanda cha vioo mkiani alikokaa mpiga bunduki peke yake usiku mzima.

Ndege niliyoifuata haikuruka. Kwa nini?

Upepo, mawingu au ubovu, kwa mpangilio huo. Upepo wa ubavuni ni adui mkubwa wa ndege zenye gurudumu la mkiani, na kila aina ina kikomo chake kilichoandikwa. Zile za kabla ya 1914, kama Blériot XI ya 1909 iliyoko Old Warden, husubiri jioni tulivu, na hata jioni hiyo mara nyingi huishia kurukaruka kidogo juu ya nyasi. Mawingu yakiwa chini, rubani ana mpango wa pili usio na mizunguko ya wima, na wa tatu wa kupita tu bila kupinduka.

Ubovu ukitokea, hakuna la kufanya. Vipuri vinachongwa kimoja kimoja. Wakati mwingine hata ndege nzima haina ubovu, ila ujuzi umekwisha: Vulcan XH558, jeti ya mabomu ya Uingereza na ya mwisho ya aina yake kuruka, ilisimamishwa Oktoba 2015 kwa sababu kampuni zilizoidhamini kitaalamu zilijitoa. Kwa hiyo nunua tiketi kwa ajili ya siku, si kwa ajili ya ndege moja.

Nipigeje picha?

Kosa la kila mtu ni kuganda kwa propela. Ukipiga kwa sehemu ya 1/1000 ya sekunde, propela inasimama kama ndege imezimika angani. Shuka hadi 1/200 au 1/125, zungusha mwili wote kuifuata ndege, na kubali kuharibu nyingi ili upate chache. Jeti haina propela, panda hadi 1/1000. Mchana wa jua kali, hewa juu ya lami inacheza na hakuna lenzi inayoweza kuitengeneza. Subiri jioni.

Simu inatosha kwa zilizoegeshwa. Angani iweke mfukoni.

## Usalama na maswali magumu

Ni salama kwa watazamaji?

Ni salama kuliko zamani, na masharti mengi yameandikwa baada ya misiba. Ramstein, Ujerumani, Agosti 1988, ndege za sarakasi ziligongana na moja ikaangukia umati. Walikufa watu 70. Tangu hapo nchi nyingi zilipiga marufuku mbinu zinazoelekeza ndege kwa watazamaji. Marekani, mstari wa maonyesho hukaa futi 500, 1,000 au 1,500 kutoka kwa umati, kufuatana na kasi ya ndege. Ndiyo maana unaona zinapita mbali kuliko ulivyotarajia.

Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015, ilifundisha jingine. Jeti ya zamani aina ya Hunter haikumaliza mzunguko wake ikaangukia barabara kuu nje ya uwanja. Waliokufa ni 11, na hakuna aliyekuwa ndani ya maonyesho. Baada ya hapo masharti ya Uingereza yalikazwa, na walio nje ya uzio sasa huhesabiwa pia. Dallas, Novemba 2022, ndege ya mabomu B-17 na ndege ya kivita P-63 ziligongana angani, wakafa sita waliokuwemo ndani.

La kwako ni dogo: kaa nyuma ya uzio, na usiegeshe gari barabarani nje kuangalia bure.

Kwa nini wazirushe? Si bora zihifadhiwe?

Hoja hii ina uzito, hasa kwa ndege iliyobaki moja duniani. Hiyo isiruke, na wengi wanakubali. Kwa zilizobaki nyingi kidogo, ndege inayoruka hulazimisha mafundi wapya wafundishwe kushona kitambaa, kugonga rivati na kusikiliza injini, ujuzi ambao makumbusho peke yake hayaulipii. Sisemi hoja imekwisha hapo.

Kuona ndege zenye alama za Ujerumani ya Wanazi kunanikera. Ni lazima?

Hauko peke yako. Ujerumani, sheria inakataza kuonyesha swastika hadharani isipokuwa kwa sababu kama elimu, na ndege nyingi huachwa na mkia mtupu. Kwingine huonyeshwa ilivyokuwa. Waandaaji makini hueleza ndege ilifanya nini na kwa nani, na ukiona uwanja unaifanya kuwa pambo tu, waambie kwa maandishi. Hilo linahusu pande zote: Lancaster pia ilichoma miji yenye raia. Mtangazaji anayejua kazi yake hupunguza sauti anapofika hapo.

Naweza kupanda moja?

Ndiyo, kwa bei kubwa na kwa kuweka nafasi mapema. Zipo Spitfire za viti viwili, na Harvard na Dakota katika nchi kadhaa. Nchini Uingereza utatia saini kwanza kwamba umeelewa ndege hiyo haifikii viwango vya ndege za abiria. Soma kabla ya kusaini. Mfuko ukiwa mwepesi, Tiger Moth yenye uwazi juu ya kichwa ni nafuu zaidi, na upepo usoni utakufunza zaidi kuhusu urubani wa wakati ule.

Nimeokota skrubu kwenye nyasi karibu na ndege. Nifanye nini?

Usiitie mfukoni wala usiitupe. Mpe mtu wa kwanza mwenye koti la rangi kali na umwonyeshe mahali ulipoiokota. Jeti inaweza kuifyonza, propela inaweza kuirusha kwa watu, na huenda imetoka kwenye ndege inayokaribia kupaa. Watasimamisha foleni nzima ya ndege hadi wajue ni ya nani, na hakuna atakayekulaumu. Vivyo hivyo mfuko wa plastiki, kofia iliyopeperuka, kifuniko cha lenzi. Kofia yako ikiruka ikavuka uzio, usiifuate. Mwambie mlinzi, naye ataita kwa redio, na ataileta mwenyewe injini zikishazimwa.